Mshale wa Joel Haushuki

Chai iliyonipofusha jicho la kushoto haikuwa na maziwa. Maziwa yalikuja baadaye kidogo, ndani ya kibuyu, na nitafika hapo. Kwanza mjue ilikuwa chai kweli, hii yetu ya vichaka hivi, imechemka ndani ya rejeta ya pikapu, lile tangi la maji ya kupoza injini, mpaka ikawa nyeusi kama lami. Ilinirukia usoni kando ya barabara, kwenye kilima kimoja kabla hujafika Roret, mbele ya akina mama waliovaa nguo za sherehe. Nilisikia “pshaa”, basi. Shavu likahisi baridi. Moto ukiwa mkali kupita kiasi unaanza na baridi, msidanganyike. Nilidhani nimemwagiwa maji ya mto. Halafu nikasikia mtu analia kama fahali aliyefungwa machinjioni, nikataka kumwambia anyamaze, kumbe ni mimi.

Aliyefungua kifuniko cha ile rejeta anaitwa Joel, ndugu ya mke wangu. Namtaja kwa sababu watu wamezoea kusema “ile ajali”, kana kwamba ajali ilitoka Nakuru ikiulizia nyumbani kwangu. Haikutoka mbali. Ilitoka kwa mkono wa Joel na chupa ndogo ya supaglu, ile gundi ya kugandisha papo hapo. Na hiyo pikapu, ninapoandika haya, bado inapanda na kushuka milima ya Bomet ikiwa na watoto wa watu nyuma, na anayejua ni ya nani ni Joel peke yake. Nataka aseme. Hayo mengine yote mtakayosoma hapa ni maneno ya njiani, ingawa pia yatawasaidia.

Mwalimu wa chuo chenu cha ufundi ndiye aliniomba niwaandikie kuhusu kazi ya waya za magari. Alisema niandike mambo ya kuwatia moyo. Alikosea mtu, lakini karatasi alikuwa ameshaleta.

Mimi si mzee. Watu wa rika langu wengine bado wanaoa. Shule niliachia darasa la sita, na kazi niliacha kabla nywele hazijawa nyeupe, kwa sababu fundi wa waya mwenye jicho moja ananyoosha koleo akidhani amefika kwa waya, kumbe ameshika hewa. Siku hizi nachuma majani chai pamoja na mke wangu. Amenikataza kumtaja jina, Joel akiwa ndugu yake wa tumbo moja, kwa hivyo nitamwita mama watoto.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ouma, mtu wa upande wa ziwa aliyekuja Kericho akiwa kijana kufanya kazi kwenye gereji ya mashamba makubwa ya chai, akaoa, akajenga, akasahau kurudi. Kipsigis alikuwa anaongea kama mtu anayetoa mfupa wa samaki kwa meno, lakini alisikika. Nilipokwenda kwake nilitegemea kupewa spana. Alinipa kipande cha msasa akaniambia nisugue mahali waya ya athi inafungwa kwa injini. Nikasugua hiyo gari, ikaja nyingine, nikasugua. Nikaanza kufikiri huyu mzee ana ugomvi na kutu.

Nitawaambia athi ni nini, kwa sababu najua kuna mmoja hapo nyuma anatingisha kichwa kama anajua. Umeme wa gari unatoka kwa betri ukipita kwenye waya, unafanya kazi yake, halafu lazima urudi nyumbani. Haurudi kwa waya. Unarudi kwa mwili wa gari, chuma kwa chuma. Hiyo njia ya kurudi ndiyo athi. Ukipaka rangi hapo katikati, ukaweka mpira, ukaacha kutu inenepe, umeme unaenda kazini na hauna njia ya kurudi, kama mume wa mtu siku ya bonasi ya chai. Basi geji, hiyo mishale ya dashibodi, zinaanza kusema uongo.

Mzee Ouma akiletewa geji iliyokufa, hakuangalia geji. Alimwangalia mwenye gari mikononi. Akiona grisi kwa kucha za mtu ambaye si fundi, anatabasamu polepole.

“Nani amegusa hii gari?”

“Hakuna mtu, fundi. Ilianza tu yenyewe.”

“Geji haijiharibu yenyewe, omera. Iko mtu.”

Omera kwa lugha yake ni ndugu. Na kila mara alikuwepo mtu. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na nimeila miaka mingi. Gari ikiletwa kwako na dashibodi imechanganyikiwa, usiulize gari inaumwa wapi. Uliza ni nani alikuwa daktari wa mwisho. Atakataa. Mpe kiti, mwitishie chai, mngoje. Baada ya kikombe atasema, “Kuna waya moja tu nilisogeza.” Anza na hiyo waya.

Kulikuwa na Mama Chela, mfanyabiashara wa maziwa pale Silibwet. Mume wake alikuwa amejibadilishia taa za mbele, akafungua dashibodi, akarudisha kila kitu isipokuwa waya moja nyeusi ambayo aliona ni ya kurembesha. Tangu siku hiyo Mama Chela akiwasha taa, mshale wa mafuta unapanda. Tangi iko nusu, anawasha taa, imejaa. Alikuja kwangu kwa sababu ya honi. Hiyo ya mafuta alinitajia kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa ushuhuda.

“Fundi, kama ni muujiza usiuguse.”

Nilimwambia Mungu angetaka kumjazia tangi asingengoja awashe taa. Ile waya nyeusi ilikuwa ndiyo athi ya dashibodi nzima. Umeme wa taa ulikosa njia ya kurudi ukaanza kupitia kwa majirani, na jirani mmoja alikuwa mshale wa mafuta. Nikaifunga mahali pake, muujiza ukaisha. Mama Chela hakunisamehe. Alisema tangu nitengeneze hiyo gari inakunywa sana.

Mwingine alikuwa mzee wa Roret aliyebeba majani yake mwenyewe kupeleka kituoni, mbishi kama punda wa mteremko. Alikuwa amesafisha tangi kwa mkono wake, akakirudisha kile chelezo kinachoelea juu ya mafuta kikiwa kimepinduka. Kwa hivyo tangi ikijaa mshale unalala, ikiisha mshale unasimama wima kama askari. Nilimkuta barabarani gari imezima, magunia ya majani yanaanza kupata joto, na mnajua majani yakishapata joto karani wa kituo anaingiza mkono ndani ya gunia, anautoa, na anakuangalia kama umemletea mbolea. Nikagonga tangi kwa ngumi. Ikalia kama ngoma. Nikamwambia hakuna mafuta. Akanionyesha mshale. Nikagonga tena. Akanionyesha mshale tena. Mwishoni alikubali kutia mafuta kidogo, gari ikawaka, na bado akaniambia sababu haikuwa hiyo.

Mnaona wanavyofanya. Mkulima wa chai hataamini karani akimwambia majani yamechomeka. Ataingiza mkono wake mwenyewe mpaka kwenye kiwiko. Lakini huyo huyo akikaa nyuma ya usukani, kamshale kadogo kama mguu wa mende kakisema “salama”, anaamini kuliko Injili. Mkono ule ule wa kupima gunia hawezi kuuweka juu ya boneti.

Nyinyi mmekuja na simu. Mnachomeka kidude chini ya usukani, simu inaandika kosa, mnanunua sensa, kile kihisi cha kupima. Sisemi ni vibaya, mimi mwenyewe ningekuwa na macho mawili ningekinunua. Gari za siku hizi mshale hausukumwi na waya moja, kompyuta ndiyo inaamua uende wapi. Lakini kompyuta nayo inasikiliza sensa, na sensa imefungwa kwa chuma, na chuma kimepakwa rangi na mjomba wa mtu jioni ya Jumapili. Someni simu, kisha muulize nani alikuwa daktari wa mwisho.

Sasa Joel.

Huku kwetu mnajua bonasi ya chai ikitoka mambo yanakuwaje. Wanaume wanatoweka. Wengine wanarudi na godoro, wengine na mke mdogo, na wengine wanarudi na gari kuukuu waliyonunua kwa mtu aliyekuwa anatafuta mjinga. Mimi nilikuwa nauita msimu wangu wa mavuno, kwa sababu gari hizo zikishafika nyumbani wenyewe wanazifungua kuona kuna nini ndani. Joel alinunua pikapu kwa mjane mmoja wa Silibwet, gari ya marehemu. Kitabu cha gari kina jina la marehemu mpaka leo, kwa hivyo ukifuata ile namba unafika kaburini.

Rejeta ilikuwa inavuja. Fundi angeziba kwa kuchomelea. Joel alikuwa amesikia mahali kwamba vumbi ya chai, ile inayobaki chini kabisa kiwandani na ambayo sisi tunaopanda chai ndiyo tunauziwa tunywe, ikiingia maji inavimba na kuziba tundu. Ni kweli inaziba. Akamwaga pakiti nzima. Tundu likaziba. Alifurahi akazunguka kijiji kizima akieleza watu, akasimama hata kanisani wakati wa ushuhuda, maana ni mzee wa kanisa, na akasema Mungu hawezi kukunyima kitu kama umekaa nacho shambani.

Halafu akaona maji kidogo yanatokea kwenye sensa ya joto. Hiyo ni kidude cha shaba kilichoskrubiwa kwa injini, ncha yake inagusa maji ya ndani, na ndiyo inapelekea mshale habari. Joel akaifungua, akaivisha ile tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, akaizungusha kama bandeji ya mtu aliyekatwa na panga, akarudisha. Maji yakaacha kutoka. Mshale nao ukalala, ukakataa kuamka.

Akaniletea. Hakusema neno juu ya tepu wala juu ya chai. Kucha zilikuwa zimesafishwa, hilo nalikubali.

Andikeni mnavyopima hii. Ufunguo uwashwe, toa waya kwa sensa. Hiyo waya iguse chuma cha injini, mara moja tu, usiiache hapo. Mshale ukipanda mpaka juu, dashibodi ni nzima na waya ni nzima, na ugonjwa uko kwa sensa yenyewe au kwa athi yake. Wa Joel ulipanda vizuri. Injini ikiwa baridi nikafungua sensa, nikakuta bandeji. Tepu ya bomba haipitishi umeme, na sensa inapata athi yake kwa nyuzi za skrubu. Alikuwa ameivisha soksi. Nikaivua, na kabla ya kurudisha chuma kwa chuma, kwenye kile kitundu cha sensa nikaona majani. Nilinusa. Nikamwita mama watoto aje anuse, ili baadaye nisiambiwe nimezua.

“Chai iko tayari,” nikamwambia Joel. “Imekosa tu sukari.”

Hakucheka. Tukawasha gari, tukapanda nayo kilima kidogo cha hapa nyumbani, na mshale ukafanya kazi yake. Ukapanda. Ukapita katikati, ukaenda kwa nyekundu. Nilimwambia asimamishe. Nikamweleza kama ninavyowaeleza nyinyi: ile chai imeziba tundu moja na imeziba pia njia zote ndogo za maji ndani ya rejeta. Toa rejeta, isafishwe au tafuta nyingine. Hapa kwenye tambarare itakuvumilia, lakini siku utakapobeba mzigo upande mlima itachemka.

Joel akanitazama kama nimemwambia mama yake ni mchawi.

“Shemeji, kabla hujagusa hii gari ilikuwa haichemki.”

“Ilikuwa inachemka. Ilikuwa haisemi.”

“Ilikuwa haichemki. Mshale ulikuwa chini. Wewe ndiye umeupandisha.”

Vijana, hayo maneno mtayasikia mpaka mzeeke. Mtu atakuja na gari bubu, utaipa ulimi, na kwa jambo la kwanza itakalosema atakulaumu wewe. Nilimwacha aende. Shemeji si mtu wa kufungia geti. Siku chache baadaye tulikutana njiani, akateremsha kioo akasema ile shida ameshaimaliza. Nikafurahi. Nilidhani ametoa rejeta.

Alichokuwa amefanya ni hiki. Alifungua dashibodi, akatoa kile kioo cha mbele, akausukuma mshale kwa kidole mpaka katikati, mahali pa salama, akaupiga tone la supaglu. Akafunga. Kwake hiyo ilikuwa ndiyo matengenezo.

Tukapata sherehe. Binti wa upande wa mke wangu alikuwa ameposwa Roret, na sisi watu wa bibi arusi tulikuwa tumealikwa kwenda kuona boma tunakopeleka mtoto. Siku kama hiyo kuchelewa ni aibu, wenyeji wanasimama getini wakihesabu vumbi. Joel akatoa pikapu. Mbele alikaa yeye na baba mdogo wa mke wangu, Mzee Kimutai, ambaye ndiye msemaji wa familia. Nyuma tulikaa wengine wote: akina mama, vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya mgando yenye masizi ya mkaa, mbuzi mmoja mwenye harufu yake, na mimi. Kwa hivyo yule anayetaka kuniuliza kwa nini sikuona dashibodi, nilikuwa naangaliana na mbuzi.

Kile kilima kilitumaliza. Gari ilianza kuhema, halafu mvuke ukatoka mbele, mweupe, na akina mama wakaacha kuimba. Joel akaegesha. Niliruka chini nikaenda mbele, boneti ikafunguliwa. Nikamwuliza swali moja, na nataka mlisikie vizuri kwa sababu maisha yangu yalipita hapo.

“Joel, mshale uko wapi?”

“Katikati,” akasema. “Kama kawaida.”

Hakudanganya. Ulikuwa katikati. Mzee Kimutai naye akachungulia akasema ndiyo, uko katikati.

Kama mshale uko katikati na mvuke unatoka, basi maji si ya moto wa hatari, pengine paipu imechanika inapulizia kwa injini. Ndivyo nilivyofikiri, na ndivyo fundi yeyote angefikiri. Hata hivyo nilisema mtu asiguse kitu, tungoje ipoe. Nikainama upande wa paipu ya chini kutafuta mahali pamechanika.

Joel alikuwa anaangalia saa ya mkononi. Wenyeji wanangoja. Mzee Kimutai amekunja uso. Akavua koti, akalizungushia mkono.

“Wacha uoga, shemeji. Si umeambiwa iko katikati?”

Akafungua kifuniko.

Nimefikiria hapo kuliko mahali pengine popote pa maisha yangu. Huyu mtu aliugandisha mshale kwa mkono wake. Alijua umekufa, yeye ndiye aliyeuua. Na siku ile, mbele ya watu, alipouangalia akaona uko salama, akauamini. Sidhani alitaka kuniumiza. Nadhani alishasahau ni yeye. Uongo wa kujitengenezea ukikaa nao wiki chache unaanza kukupa ushauri. Yeye alisimama pembeni na koti lake, hakupata hata tone. Yote ilipita juu ya mkono wake ikaja kwangu, maji na majani.

Aliyenisaidia ni kogo, nyanya ya mke wangu, mwanamke ambaye kwa desturi hata hatusogeleani. Alinyakua kibuyu cha mursik kilichokuwa cha wenyeji, akanikalisha chini, akanimwagia chote usoni. Kwa hivyo ndiyo, mwishowe ikawa chai ya maziwa. Sisemi mfanye hivyo, maji safi ya baridi ndiyo dawa, lakini pale maji tuliyokuwa nayo yote yalikuwa yanachemka. Gari iliyopita ikanipeleka mpaka hospitali ya Longisa, mbali, nikiwa na masizi ya mursik na majani ya chai usoni, na muuguzi wa kwanza aliyeniona akauliza kama nimetoka kwa mganga. Watu wale walifanya kazi. Jicho la kulia ninaloandikia ni lao.

Mzee Ouma ndiye alikwenda kuivuta pikapu. Hakuna aliyemtuma aangalie dashibodi, lakini huyo mzee hawezi kupita karibu na dashibodi bila kuisalimia. Alikuja akakaa kando ya kitanda changu.

“Nilitoa ufunguo,” akasema. “Mshale haukushuka.”

Nikamwambia labda umekwama.

“Gari imelala nje usiku kucha. Ni baridi kama jiwe. Betri nimetoa. Bado uko katikati.” Akanisogezea mkono, kwa sababu macho yangu yote mawili yalikuwa yamefungwa, akanigusisha kidole kitu kidogo kigumu, kama tone la utomvu. “Hii nimebandua kwa mshale. Ni supaglu, omera. Iko mtu.”

Nililia siku hiyo. Wakati wa maji ya moto nilipiga kelele tu, kulia ni kitu kingine.

Nilipotoka hospitali wakaitisha kikao nyumbani kwa wakwe. Joel aliomba tuanze na maombi, na akayaongoza yeye mwenyewe, marefu. Akasema ilikuwa ajali, akasema shetani anapinga ndoa. Mungu na shetani wote wawili walipewa kazi katika ile rejeta, Joel peke yake ndiye hakuwa na kazi. Nikangoja mpaka wamalize nikauliza juu ya supaglu. Mzee Kimutai akainua mkono.

“Hayo ni mambo ya gari. Hapa tunazungumza mambo ya watu.”

Wakaleta kondoo wa kunipoza. Nikawaambia kondoo hajagandisha kitu, mrudisheni kwa mama yake. Nilichotaka ni Joel afungue mdomo aseme, “Nilifanya hivi.” Hakusema. Alinipa mkono, na nikaukataa, na tangu siku hiyo mimi ndiye mtu mbaya wa familia. Nilirudi nyumbani na mama watoto. Tulipofika akaniambia, “Ni ndugu yangu, na ulichosema ni kweli. Usinilazimishe kuchagua mbele ya watu.” Sijamlazimisha. Lakini ndiye aliyesoma karatasi hizi kabla yenu, na hajachana hata moja.

Ningeweza kunyamaza na jicho langu. Wengi wamenyamaza na makubwa kuliko hayo. Kisha bonasi nyingine ikatoka, na Joel akaiuza ile pikapu. Aliipaka rangi, akaipiga polishi, na ule mshale aliurudishia tone lingine, maana Mzee Ouma alikuwa ameubandua. Najua kwa sababu mama watoto alipanda hiyo gari mara moja kabla haijauzwa, nikamwambia achungulie ufunguo ukiwa umetolewa. Alirudi akaingia jikoni bila kunisalimia. Nikajua.

Mwaka huu Mzee Ouma ameiona. Ilikuwa asubuhi, barabara ya Silibwet, imejaa watoto wa shule waliosimama nyuma wakishikana mabega, dereva hamjui. Aliipungia mkono, haikusimama. Tulimtuma mama watoto amwulize Joel ameiuza kwa nani. Joel alimjibu ndugu yake kwamba gari ikishauzwa haina ukoo.

Sasa nyinyi mnaofanya kazi kwenye gereji za Bomet na Kericho, mtasaidia. Pikapu yoyote kuukuu ikija kwenu, kabla ya kushika chochote, toa ufunguo uangalie mshale wa joto. Gari ikiwa imepoa na mshale umesimama katikati, mwambie mwenyewe asiende popote. Mwonyeshe hii karatasi. Halafu mnitafute.

Lakini hiyo ni kazi ya kutafuta sindano kwenye pamba, na kuna mtu anayejua ilipo. Joel, najua utaletewa hii, katika nyumba yetu hakuna siri inayokaa. Sitaki mkono wako, sitaki maombi, na jicho siwezi kurudishiwa. Kuna mtu ambaye kesho atapanda kilima na watoto nyuma, mvuke utatoka, atateremka, atauliza mshale uko wapi, na mtoto mmoja atachungulia amwambie uko katikati. Ulimuuzia nani? Jumapili hii, wakati wa ushuhuda, simama pale unaposimama kila mara, mbele ya Mzee Kimutai na ndugu yako, useme ulichofanya na useme jina la huyo mtu. Nitakuwa nimekaa benchi ya mbele, upande ambao jicho langu linakuona.